Majirani wa Mtaroni: jina la tano

Jumapili, saa 1:12 usiku

Abuu: Shikamooni wazee. Naomba mtu mmoja tu. Kikundi chetu cha kuzoa taka tumebaki wanne, na mkopo wa halmashauri unataka watu wasiopungua watano. Kesho asubuhi napeleka karatasi kwa afisa maendeleo wa kata.

Mama Zai: Marahaba. Unataka mtu au unataka jina?

Abuu: Jina tu shangazi. Kazi tutafanya wenyewe 😅

Mjomba Dodoma: Niandike mimi.

Abuu: Mjomba, ni kikundi cha vijana.

Mjomba Dodoma: Kwani mie mzee?

Mama Zai: Una wajukuu watatu.

Mjomba Dodoma: 🤐

Fundi Kombo: Mie msinitazame. Wenye ulemavu tuna fungu letu, tena naruhusiwa kuomba peke yangu. Nangojea cherehani ya viatu, sitaki kunuka taka zenu.

Abuu: Hahaha fundi, hakuna aliyekuita.

Mwalimu Hamza: Abuu, majina ya namna hiyo ndiyo yaliyotuponza. Unakumbuka Aprili 2023 mikopo iliposimamishwa? Ripoti za CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zilikuwa zimekuta vikundi hewa, na vingine vimechukua hela vikatawanyika. Mpaka 2024 ndipo ikarudi. Wakati huo wote hata waliokuwa wakilipa vizuri hawakupata.

Mjomba Dodoma: Huku kwetu iliporudi tumo kwenye zile halmashauri 10 za majaribio, mkopo unapitia benki.

Abuu: Sawa, lakini hii ni hela ya serikali, haina hata riba. Mbona mnaniogopesha?

*Mama Zai anaandika…*

Mama Zai: Hela ya serikali ipi mwanangu? Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, imo kwenye sheria tangu 2018. Na hayo mapato ya ndani yanatoka wapi? Ushuru wa meza yangu sokoni umo. Leseni ya duka la baba yako imo. Unapotaka jina la bure unanikopa mimi, ila hunitazami usoni.
Halafu nikwambie jambo. Kikundi chetu cha ushonaji tulikuwa 12 kwenye karatasi. Wanaofika kikaoni 7. Mhazini akaolewa mkoa mwingine, wawili simu hazipatikani. Kulipa tulilipa sisi saba, mimi nikauza cherehani niliyoinunua kwa mkopo huohuo. Kutokuwa na riba si kutokuwa na deni.

Abuu: Pole shangazi. Hilo sikulijua.

Mama Zai: Ulikuwa shule.

Babu Mzee Shemdoe: 🎤 Ujumbe wa sauti (2:41)

Mwalimu Hamza: Kwa wasio na bando, babu anauliza kama hela hizo zitajenga mtaro unaoingia kwake kila masika. Pia anasema zamani kwao milimani mtaro ulichimbwa kwa msaragambo, yaani watu wote wanatoka kufanya kazi pamoja bila malipo, hakukuwa na andiko la mradi wala mhuri. Na kuna mtu ana panga lake.

Mwalimu Hamza: Babu, mtaro una fungu jingine. Mkopo ni wa biashara ya kikundi, lazima urudi, na mtaro hauwezi kulipa rejesho. Kwa mtaro tunaomba Mfuko wa Jimbo, ule wa sheria ya 2009. Kamati yake anaiongoza mbunge. Jina lake lenyewe ni wa *kuchochea* maendeleo, kwa hiyo wakikuta tumeshachimba na mawe tumesogeza, saruji inaombeka. Tukikaa tu na mikono mfukoni, tutapewa pole.

Fundi Kombo: Basi msaragambo umerudi kwa mlango wa nyuma.

Mwanaidi: Abuu, mie ningeingia. Si jina, niingie kweli. Ila nijibu kwanza. Mnataka kukopa kiasi gani?

Abuu: 4,500,000. Guta la injini, lile la matairi matatu la kubebea mizigo.

Mwanaidi: Nyumba ngapi, na kila nyumba inatoa ngapi?

Abuu: Nyumba 140, 2,000 kwa mwezi.

Mwanaidi: Wanaotoa kweli?

Abuu: Kama 85 hivi.

Mwanaidi: Hiyo ni 170,000 kwa mwezi. Tukipewa miaka miwili kulipa, rejesho ni 187,500. Hujatia mafuta, hujala, hujapata pancha.

Abuu: 😳

Mjomba Dodoma: Mwanaidi atoke kwenye kundi, anatutia aibu wenye hesabu zetu.

Mwanaidi: Tuanze na mikokoteni miwili ya matairi, mabuti, glovu na mabeleshi. 1,200,000. Rejesho 50,000. Nyumba 85 zinalibeba, na tukishazifikisha 120 ndipo tuzungumze injini. Na mhazini niwe mimi. Benki saini tatu, watu wawili wa nyumba moja wasiwe wote humo.

Abuu: Hiyo ya nyumba moja unamsema kaka yangu?

Mwanaidi: Nawasema wote wawili.

Mama Zai: 👏👏 Huyo sasa ni mtu.

Abuu: Andiko limeshachapwa na hesabu za guta. Kesho siwezi kupeleka.

Mwalimu Hamza: Usipeleke. Njooni kwangu Jumanne baada ya magharibi, tuliandike upya. Njoo na katiba ya kikundi na muhtasari, na kila mmoja namba yake ya NIDA. Barua ya mtaa ukaombe na orodha mpya, si ile ya zamani.

Abuu: Sawa mwalimu. Na wale 55 wasiotoa hela ya taka?

*Ujumbe huu umefutwa*

Fundi Kombo: Mjomba, nimeuona kabla hujafuta. Nyumba yako ya huku imo kwenye hao 55.

Mjomba Dodoma: Nilikuwa safarini. Abuu nitumie namba ya kulipia.

Abuu: Miezi minane mjomba. 16,000.

Babu Mzee Shemdoe: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:07)

Mwalimu Hamza: Babu anauliza tena panga.