Naomba ushauri: wanawake tupateje nafasi kwenye kamati ya amani?

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko Hindi, Lamu. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya 2014, vikao vya usalama huku haviishi, na wanaoitwa ni wazee wanaume. Sisi huambiwa tulete chai na mahamri, kisha tukae nyuma mkekani. Na anayetoka alfajiri kutafuta kuni ni nani? Mwanamke ndiye huona nyayo ngeni kabla ya mtu yeyote.

Azimio 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Oktoba 2000, linataka wanawake washirikishwe na walindwe, na Kenya ina mpango wa kitaifa wa kulitekeleza tangu 2016. Kuna aliyewahi kulitumia mbele ya chifu au kaunti? Barua iandikweje?

Linaloniumiza zaidi ni hili: mjane jirani yetu alisema alichokiona, na kabla ya magharibi jina lake lilishafika sokoni. Sasa hata ukibisha hodi hafungui. Mwanamke akitoa habari, afanyiwe nini ili jina lisivuje? Mliopitia haya Garissa au Mandera, tafadhali nielezeni.