Mrejesho: Nimechukua Tippmann 98 Custom

Wakuu, habari za leo. Niliuliza ninunue bunduki gani ya peintiboli (mchezo wa kulengana kwa risasi za vipira vya rangi), Tippmann 98 Custom au ile ya betri, na nianze kuboresha wapi. Nimechukua Tippmann. Haina betri, inatumia gesi na springi tu, na ukiwa na funguo za L unaifungua yote mezani mwenyewe.

Mkuu uliyesema niachane kwanza na mtutu mrefu, Mungu akubariki. Urefu hauongezi umbali. Shabaha inaletwa na risasi kukaa sawa ndani ya mtutu, isibane wala kulegea. Hela ile nimeiweka kwenye mtungi wa hewa iliyoshindiliwa. Julai hii Arusha asubuhi ni baridi kweli, na kabonidayoksaidi, gesi nyingine inayotumika kwenye bunduki hizi, ikipoa presha inashuka, risasi zinadondoka njiani. Kwa hewa, kipima kasi kinasoma futi 270 hadi 280 kwa sekunde, risasi baada ya risasi. Raha tupu!

Triga inayorudishwa na gesi, ya kufyatua haraka zaidi, itasubiri. Barakoa sikuibania hela hata kidogo, macho hayana spea: nimechukua ya kioo cha tabaka mbili, haishiki ukungu. Walio Njiro wanaotaka kuijaribu kabla ya kununua, karibuni.