Uani kwetu Sinza

*Dada:* Shikamooni wakubwa. Nimetuma picha ya uani, kona ya mpera nishaimaliza. Leo nimetoka zamu ya usiku kichwa bado kimejaa kelele za wodini nikakaa pale na chai yangu, jamani pametulia, hata kulala sikutaka tena

*Shangazi Tanga:* Marahaba mwanangu. Mashallah. Kona ya pili panda asumini, na mlangilangi mmoja ila uwe mbali na ukuta, ule mti unakwenda juu sana

*Kaka:* Hongera dada. Ila mi bado nasema ita fundi apige pevingi uani kote, unasahau habari ya majani

*Dada:* Kaka pevingi kote sitaki kabisa. Jua la Januari likishika pale hadi usiku patakuwa panatoa joto, na masika maji yataenda wapi ukishaziba ardhi yote? Yataingia jikoni. Mi nataka udongo nikanyage peku, nataka ndege waje, nimekaa miaka na ule uani natupia vitu tu kumbe ndo sehemu pekee nyumba nzima ina kivuli mchana

*Mjomba:* Ndago umefyeka au umechimba? Maana ukifyeka wiki haiishi ishachomoza, vile vitufe vyake viko chini

*Dada:* Nachimba mjomba, kwa rato, natoa na vitufe naanika kwenye bati mpaka vikauke kabisa. Ndo maana naenda kipande kipande, nikimaliza kimoja nafunika na majani makavu ya mpera udongo usikae wazi, halafu nakaa siku kadhaa naangalia kivuli kinaangukia wapi saa nane, wapi saa kumi, ndo najua benchi likae wapi

*Mama Mdogo:* Na yale matairi na makopo yaliyojaa maji?? Dengi ya 2019 hapa Dar mmeisahau? Mbu wake anauma mchana, na ww ndo unataka kukaa hapo mchana

*Dada:* Ndo nilianza nayo mama mdogo, yote yametoka. Ndoo ya kumwagilia nafunika

*Kaka:* Sawa nimeelewa. Basi angalau njia, toka mlango wa jikoni mpaka kwenye benchi, mvua ikinyesha usiteleze

*Dada:* Hiyo nakubali, mawe tu yaachane achane maji yapite katikati

*Shangazi Tanga:* Miche ya asumini nakukatia mimi, ntaituma kwa basi. Panda masika yakianza, na samadi ya kuku iache ipoe kwanza ikiwa mbichi itaunguza mizizi. Ikishika utakuwa unatoka hapo magharibi ndo inafunguka

*Dada:* Asante shangazi yangu 🙏 nitaifuata mwenyewe stendi ya Magufuli

*Kaka:* Jumamosi nakuja na mawe

*Dada:* Njoo na shati la mikono mirefu na glavu, upande wa choo cha nje kuna upupu