Mrejesho: viungo vya tovuti ya duka la vipuri Kariakoo

Wakuu, niliuliza kama tovuti ya duka la vipuri inunue viungo mia vya bei chee (linki kutoka tovuti nyingine) ili ipande Google. Hainunui. Tangu 2016 Penguin, kichujio cha Google cha viungo, hupuuza viungo taka papo hapo, hela inaliwa bure.

Kazi ilikuwa kwenye kurasa zilizofutwa ambazo tovuti nyingine bado zinaziunganisha. Search Console (zana ya Google ya wenye tovuti), ripoti ya kurasa: chukua zenye 404 (ukurasa haupo), linganisha na orodha ya viungo vya nje, kisha elekeza kila anwani ya zamani kwa 301 (uelekezaji wa kudumu) kwenye ukurasa wa kipuri kilekile. Ukizirundika zote ukurasa wa mwanzo (mafundi wengi hufanya hivyo), Google huweza kuzihesabu 404 vilevile.

Kiungo cha tangazo la kulipia: kiwekee alama ya rel="sponsored" kwenye msimbo. Faili la kukana viungo (la kuiambia Google isivihesabu) halijaguswa, kwa kuwa tovuti haina adhabu ya Google.