Shemeji amekatwa mguu baada ya ajali: tumdai nani, na tuanzie wapi?

Mama Salma, Busia

Ndugu zangu, salaam kwenu nyote. Naomba ushauri wa wale wanaozielewa sheria za hapa kwetu Uganda, kwa sababu kila ninayemuuliza mtaani ana jibu lake. Mwezi wa tatu mwaka jana shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alikuwa abiria kwenye bodaboda katika barabara ya Tororo pale lori lilipowagonga kwa nyuma. Mwenye boda alichubuka tu, lakini shemeji alivunjika mguu wa kulia chini ya goti. Polisi walifika, wakapima barabara na kuandika maelezo, na dereva akawekwa ndani kisha akaachiwa kwa dhamana.

Kilichotuumiza zaidi kilitokea hospitalini, nayo ni hospitali ya serikali ya wilaya. Alifungwa plasta jioni ile ile, na usiku akaanza kulia kwamba mguu unawaka moto na vidole havina hisia. Mdogo wangu alimwita muuguzi zaidi ya mara moja, akajibiwa kwamba aliyevunjika lazima aumie. Plasta ilifunguliwa siku ya pili mchana, vidole vikiwa vimekwisha kuwa vyeusi, na alipohamishiwa hospitali ya rufaa mguu ukakatwa. Juzi mwenye lori amekuja nyumbani pamoja na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ameleta karatasi ya kutia saini ili atoe shilingi milioni 2 na mambo yaishe. Je, tusaini? Na hospitali ya serikali inashtakiwa kweli?

Wakili wa Mbale

Dada, pole sana, na umfikishie shemeji pole zetu. Karatasi hiyo msiitie saini. Mtu akisaini kwamba amepokea fedha na hana madai mengine, mahakama huichukulia kuwa ni mapatano, na kuyavunja baadaye ni kazi ngumu hata kama fedha ilikuwa ndogo kuliko gharama ya mguu wa bandia. Kama mwenye lori ana nia njema ya kusaidia matibabu, pokeeni, lakini muandike wenyewe kwa maneno ya wazi kwamba hiyo ni sehemu tu, kwa ajili ya matibabu, na kwamba madai yote yanabaki palepale. Mwenyekiti wa LC1 anaweza kuwa shahidi wa maandishi hayo, ila hana mamlaka ya kufunga madai ya namna hii.

Ninachotaka familia ielewe ni kwamba mna wadaiwa wawili, na kila mmoja ana muda wake wa mwisho wa kushtakiwa. Dereva na mwenye lori mnawadai kwa uzembe barabarani, na Sheria ya Ukomo inatoa miaka 3 kwa madai ya kuumia mwili. Hospitali ya wilaya iko chini ya serikali ya mitaa, na kwa serikali, kuu au ya mitaa, muda wa madai ya uzembe ni miaka 2 tu. Kwa tarehe uliyoitaja, muda wa lori bado upo, lakini wa hospitali unakimbia. Nimeona familia nyingi zikisubiri kesi ya trafiki iishe kwanza ndipo zianze kudai, na wakati huo mlango mmoja umekwisha kufungwa. Kesi ya jinai dhidi ya dereva ni ya serikali na haiwazuii kufungua ya kwenu. Akitiwa hatiani, hukumu hiyo itawasaidia kama ushahidi.

Kuhusu bima, tafuteni jina la kampuni iliyotoa stika ya bima ya mtu wa tatu ya lori hilo, kwa kuwa polisi huliandika kwenye ripoti ya ajali, kisha muiandikie mapema. Msitegemee mengi huko: sheria ya bima hiyo ya mwaka 1989 iliweka kikomo cha shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja. Fedha ya maana hutoka kwa mwenye lori mwenyewe, kwa sababu mwajiri hubeba uzembe wa dereva wake aliye kazini.

Kabla ya kushtaki serikali, huandikwa notisi ya kusudio la kushtaki na kusubiriwa siku 45. Mahakama ya Rufaa ilikwisha kusema kwamba kukosa notisi hakuiui kesi, lakini mimi huituma kila mara, maana wakati mwingine ndiyo inayoleta mazungumzo.

Muuguzi Mstaafu, Soroti

Mama Salma, nimeguswa sana na habari hii, na ninaandika kama mtu aliyefanya kazi wodi ya mifupa kwa muda mrefu. Mguu uliovunjika huvimba, na plasta iliyozunguka mguu mzima haitanuki. Mgonjwa akisema maumivu yanazidi badala ya kupungua, vidole vinakufa ganzi au vinakuwa baridi, plasta hupasuliwa mara moja, hata saa nane za usiku, kwa sababu misuli isiyopata damu huanza kufa baada ya saa chache. Hilo hufundishwa kwa kila muuguzi. Lakini upande wa pili utasema mguu uliharibiwa na lori, si plasta, na hapo ndipo kesi za namna hii huanguka. Mnahitaji daktari bingwa wa mifupa, asiye wa hospitali hiyo, asome kumbukumbu na kuandika maoni yake kuhusu kilichoua mguu.

Je, lile daftari la shule mlilonunua getini, ambalo daktari aliandikia, mnalo bado? Wengi hulitupa wakidhani ni karatasi tu. Lipigeni picha ukurasa kwa ukurasa, pamoja na jalada, na mtazame kama saa ya kufungwa plasta na saa ya kufunguliwa zimeandikwa. Kisha mwombe hospitali kwa barua nakala ya faili la wodi na kitabu cha ripoti za zamu ya usiku. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Barua iwe na nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo nyumbani.

Mnaweza pia kulalamika kwa Baraza la Madaktari na lile la Wauguzi na Wakunga. Mabaraza hayo humwajibisha mtumishi, hata kumfutia usajili, lakini fidia hutolewa na mahakama.

Abdallah wa Bombo

Kuna watu watakaowaambia kwamba kushtaki hospitali ya serikali ni kupoteza wakati. Huku kwetu tunaikumbuka kesi ya hospitali ya Nakaseke, ambako mama mjamzito alifariki kwa uzazi uliokwama huku daktari wa zamu akiwa hayupo kwa saa nyingi. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamuru wilaya iilipe familia shilingi milioni 35. Aliyeshtakiwa pale ilikuwa wilaya. Kwa hospitali ya rufaa ya mkoa, huwa ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Jihadharini pia na madalali wa kesi wanaozunguka wodini, na wakili anayetaka mpatane asilimia ya fidia, kwa kuwa kanuni za mawakili zinakataza mapatano hayo. Chama cha Mawakili Uganda kina mradi wa msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo.

Nina swali moja: siku ile shemeji alikuwa anatoka wapi?

Mama Salma, Busia

Ahsanteni sana, Mungu awabariki. Daftari lipo, na saa ya kufunguliwa plasta imeandikwa. Alikuwa anatoka kazini kurudi nyumbani moja kwa moja. Ameajiriwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Tajiri wake alikuja kumwona hospitalini wiki ile ile, ila mshahara ulisimama.

Wakili wa Mbale

Ndugu Abdallah ameuliza swali zuri, kwa maana sasa kuna mlango wa tatu. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi huihesabu ajali ya mtu anayekwenda kazini au kurudi moja kwa moja kuwa ni ajali ya kazini, na hapo hamhitaji kuthibitisha kosa la mwajiri hata kidogo. Kuna jedwali la asilimia kwa kila kiungo kilichopotea, na hesabu yake hufanywa juu ya mishahara ya miezi 60. Mahakama itazingatia malipo hayo, kwa kuwa hasara moja hailipwi mara mbili, lakini hayawanyimi haki ya kumshtaki mwenye lori.

Taarifa kwa mwajiri hutakiwa ndani ya mwezi mmoja, ila kuchelewa hakuzuii madai iwapo mwajiri aliijua ajali wakati ule, na yeye alifika hadi kitandani. Andikeni majina ya waliomwona mwajiri huyo akiwa wodini. Mpelekeeni barua wiki hii, mkitaja tarehe, mahali na mshahara wa shemeji. Akikataa kuipokea, pelekeni nakala kwa afisa wa kazi wa wilaya pamoja na ripoti ya polisi na cheti cha daktari, naye ndiye atakayemwita.