XAMPP ofisini: jirani kafungua mfumo wangu kwa simu yake

Mleta uzi:
Habari zenu wakuu. Natengeneza mfumo wa mauzo wa duka la dawa, natumia XAMPP (kifurushi cha programu za kuendeshea tovuti kwenye kompyuta yako) kwenye deskitopu ya Windows. Waifai tunachangia ghorofa nzima. Jana kijana wa chumba cha pili kaandika 192.168.1.14, anwani ya kompyuta yangu kwenye waifai hiyo, kwenye simu yake, ukurasa wangu ukafunguka na majina ya wateja na dawa wanazokopa. Nimezima kila kitu, usingizi sikupata. Nianzie wapi?

Mchangiaji wa 1:
Pole sana mkuu. Apache ya XAMPP, yaani programu inayotoa kurasa, husikiliza anwani zote za mashine, hivyo aliye kwenye waifai moja nawe anaifikia. Fungua httpd.conf, mstari wa `Listen 80` uandike `Listen 127.0.0.1:80` (127.0.0.1 ni mashine yenyewe tu). Kisha httpd-ssl.conf, faili la mlango wa https, `Listen 443` iwe `Listen 127.0.0.1:443`. Hii ya pili wengi huisahau, mlango wa mbele umefungwa na wa uani uko wazi. Zima Apache, washa tena, andika `netstat -ano` kwenye Command Prompt, uone milango iliyo wazi. Ukiona bado 0.0.0.0:80, yaani anwani zote, hujafunga.

Mchangiaji wa 2:
Na MariaDB, programu ya hifadhidata ya XAMPP, je? Kwenye faili lake la mipangilio, my.ini, chini ya [mysqld], weka `bind-address=127.0.0.1`. Halafu root, mtumiaji mkuu wa hifadhidata, huja bila neno la siri, mpe. Ukishampa, phpMyAdmin (ukurasa wa kusimamia hifadhidata) itagoma kuingia, usiogope: kwenye config.inc.php badili auth_type kutoka 'config' iwe 'cookie', itakuuliza neno la siri kila unapoingia.

Mleta uzi:
Asanteni mno. Nimefanya yote, netstat inaonyesha 127.0.0.1 tu. Nimemwomba yule kijana ajaribu tena, simu yake imezunguka weee, haikufungua kitu.

Mchangiaji wa 3:
Hongera, ila mimi kinachoniuma ni kingine. Majina ya wagonjwa halisi yanafanya nini kwenye mashine ya majaribio? Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na habari za afya ya mtu ni nyeti. Futa hiyo hifadhidata, jaza majina ya kubuni, hata mia mbili yanatosha kujaribia. Na mwenye duka aambiwe, wateja ni wake.

Mleta uzi:
Kweli kabisa mkuu, hilo sikuliwaza. Alinipa faili lake nami nikalipakia lilivyo. Nimeshalifuta, na nakala iliyokuwa kwenye flashi pia. Mama mwenye duka nimempigia sasa hivi, kanyamaza kidogo, kasema niende kesho asubuhi tuongee.