Kuokota taka za baharini bila posho: ni moyo au ni kunyonywa?

Bamvua_Shangani: Jumapili tulikuwa Shangani ya Mtwara, maji yamekupwa mpaka kwenye majani. Ishirini na kitu sisi, tumejaza magunia. Wawili wakazamia na mitungi ya oksijeni, wakatoa wavu uliojiviringisha kwenye matumbawe. Kumaliza tu, dogo mmoja ananiuliza, "Posho iko wapi?" Nimekosa jibu. Kazi hii watu walipwe au iwe ya kujitolea?

Nahodha Mstaafu: Kujitolea ni kwa aliyekwisha kula. Mimi natoka feri alfajiri na vibua vitatu, halafu niiname kuokota chupa ya soda niliyonunuliwa na nani? Kiwanda kilichoandika jina lake pale ndicho kije na gunia.

Mwalimu wa Zamu: Kabla hatujafika mbali: si oksijeni. Mle mna hewa hii hii tunayovuta, imeshindiliwa. Oksijeni tupu mita kumi chini inaweza kukutia degedege ukafia huko huko.

Bamvua_Shangani: Mwalimu, nimeuliza posho, wewe unasahihisha imla.

Mjukuu wa Msimbati: Mitungi ya nini yote hiyo? Babu yangu alizamia na pumzi zake tu, na wala hakupigwa picha na fulana mpya.

Kaka Mikindani: Babu yako alizamia kuokota samaki baada ya kupiga baruti. Tuongee ukweli.

Mjukuu wa Msimbati: Futa hiyo. Babu yangu alikuwa mtu wa dema na mshipi. Waliopiga baruti tunawajua na walikotoka tunakujua, si Msimbati.

Kaka Mikindani: Basi ile Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi iliwekwa hapo mwaka 2000 kwa urembo?

Mjukuu wa Msimbati: Iliwekwa kwa sababu kulikuwa na kitu cha kuhifadhi. Kwenu waliweka? Matumbawe ya Mikindani si mliyachoma chokaa mkajengea?

Mama Pweza: Wanangu, baruti zimeingiaje kwenye magunia? Mie nachokoa pweza miaka yote. Wavu ulioshika mwamba hauvutwi! Ukivuta unang'oa na mwamba, na pweza anakosa nyumba. Unakatwa kwa kisu kidogo kidogo. Hao wawili walikata au walivuta?

Nahodha Mstaafu: Shikamoo mama. Na nusu ya taka hizo si zetu. Nimeokota Msimbati chupa ina maandishi ya Kiindonesia. Mkondo unatoka mashariki, unagonga huku kusini kwetu, mmoja unapanda kwenda Lindi, mwingine unashuka Msumbiji.

Mwalimu wa Zamu: Na pampasi nazo zimetoka Indonesia?

Nahodha Mstaafu: Una watoto wangapi, Mwalimu?

Kaka Mikindani: 😂😂 Hapo umemshika.

Dada Ligula: Mbona mifuko ya plastiki ilipungua bila mtu kuokota bure? Ilipigwa marufuku Juni 2019, kwisha.

Kaka Mikindani: Kwisha wapi? Karanga za stendi unafungiwa kwenye nini?

Mama Pweza: Bado sijajibiwa. Walikata au walivuta?

Bamvua_Shangani: Marahaba tena mama… samahani, shikamoo. Walivuta.

Mjukuu wa Msimbati: Na ile ya babu yangu bado haijafutwa.